Ombi Lisilo na Jina

Machale yalimcheza mwalimu wa muziki siku ile Makabrasha alipomfungulia mlango. Walikuwa wamekaa ofisi moja miaka nenda miaka rudi, meza zao zimepeana migongo, na muda wote huo mhadhiri huyo wa historia hakuwahi kumfungulia mtu mlango, wala dirisha. Wanafunzi walimwita Makabrasha kwa sababu ya mafaili aliyotembea nayo kwapani, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Sasa leo anashika kitasa, anainama kidogo, anasema, "Karibu, mwalimu, pita." Halafu anarudi mezani na kuifunga kompyuta yake haraka, kama mtu aliyekutwa akidokoa nyama jikoni.

"Unaandika nini?" mwalimu akamuuliza.

"Mambo madogo tu. Maswali ya mtihani."

Mtihani gani, na muhula ndio kwanza umeanza? Mwalimu alikwenda mezani kwake. Aliketi, akatoa kazi za wanafunzi, akawa anasahihisha huku masikio yake yote mawili yako kisogoni.

Sababu ya kushuku alikuwa nayo. Mwaka huo alijiandaa kuomba ruzuku ya chuo, zile fedha wanazopewa wahadhiri kwa ajili ya utafiti na kazi za ubunifu. Alichotaka ni kimoja tu, kurekodi nyimbo za baba yake. Mzee alifanya kazi ya kutandika reli tangu ujana, na ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa genge lao: yeye anatoa mstari, wenzake wanaitikia, wote wanainua chuma kwa pamoja ili asipondwe mtu mguu. Mashine zilipokuja, nyimbo zikanyamaza. Na sasa koo la mzee lilikuwa na uvimbe. Daktari alishasema bila kuzunguka kwamba upasuaji wa mwishoni mwa muhula utamwachia uhai, lakini sauti asiitegemee tena. Kumrekodi peke yake kwa simu walikwisha jaribu. Mwimbishaji asiye na waitikiaji hupoteza mwendo, tena huona haya. Ilibidi kuwakusanya wazee waliobaki, kila mmoja kutoka mji wake, kuwalaza, kuwalisha na kukodi studio, na mshahara wa mwalimu ungeishia kwenye nauli.

Ndipo mkuu wa kitivo alipomteua kuwa mjumbe wa kamati ya ruzuku. Mjumbe haruhusiwi kuomba.

"Ni zamu ya idara yako," mkuu alimwambia, meno yote nje.

Mwalimu alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena, akajibiwa kwamba zamu ni zamu. Tangu hapo aliamini mkuu wa kitivo amemzunguka. Akaamini karani naye yumo. Hata mfagizi aliyempa pole kwenye ngazi alimtilia shaka, maana kajuaje? Alikuwa mtu mwema, tusimsingizie, ila akishaanza kushuku hana breki.

Wiki haikuisha, Makabrasha akageuza kiti chake.

"Baba anaendeleaje na koo lake?"

"Yupo."

"Bado anaweza kuimba kidogo?"

"Kwa nini unauliza?"

"Jamani, si nauliza tu."

Hakuna mtu anayeuliza tu, mwalimu alijisemea, na jioni hiyo alihamishia karatasi zake zote nyumbani.

Jumapili alikwenda kwa baba yake. Mdogo wake wa kike, anayekaa na mzee, alikuwa anaanika nguo uani.

"Dada, yule rafiki yako mrefu alikuja. Yule wa mafaili. Wamekaa na baba mchana kutwa, mimi wakanifukuza."

"Walikuwa wanaongea nini?"

"Sasa ningejua vipi na nimefukuzwa?"

Baba alikuwa barazani, skafu shingoni, kikombe cha maji ya uvuguvugu mkononi. Mwalimu hakungoja hata kuketi.

"Baba, yule bwana alifuata nini hapa?"

"Kunisalimia." Sauti ilitoka na mikwaruzo.

"Kukusalimia tangu lini?"

"Mama, usinisemeshe sana. Naitunza sauti."

Huyu ndiye mzee aliyekuwa akishindana kuongea na redio, na redio ndiyo iliyozimwa! Leo anatunza sauti, kwa ajili ya nani? Mwalimu alimtazama, mzee akageukia ukutani akitabasamu peke yake. Basi, wamekwisha mnunua, aliwaza. Wamempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mzee wa watu amelainika. Aliondoka bila kunywa hata maji, na njia nzima alisikia uchungu wa kuachwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Siku ya kikao ikafika. Hapa inafaa kueleza desturi ya kamati ile. Maombi yalisomwa bila majina, karani ameyaondoa yote, ili wajumbe wasipendelee mtu. Mwombaji akizungumza na mjumbe kuhusu ombi lake, ombi linatupwa. Mjumbe akimtambua mwombaji, anatakiwa aseme na atoke chumbani. Sheria nzuri kabisa, ila chuo kilikuwa kidogo, na kila mtu alijua mwandiko wa akili ya mwenzake. Yule wa kemia hakuweza kumaliza aya bila "hivyo basi". Yule wa ushairi alilia katika kila ukurasa. Kwa hiyo wajumbe walizoea kujitia hamnazo. Kila ombi lilipofunguliwa mwenyekiti aliuliza, "Kuna anayemtambua mwombaji?" na wote walitazama dari, utadhani dari ndiyo iliyoomba. Hakuna aliyewahi kutoka, isipokuwa kwenda msalani.

Ombi la mwisho lilihusu nyimbo za genge la reli.

Mwalimu alisoma mistari ya kwanza na damu ikamchemka. Mataruma ya reli yalikuwepo, waitikiaji walikuwepo, na hata ule utani wa baba yake kwamba nyapara hakujua kuimba ndiyo maana alikuwa anapiga kelele. Utani huo aliusikia kila walipokula wali tangu utotoni, na sasa umechapwa vizuri katika ombi la Makabrasha! Kompyuta iliyofungwa haraka, mlango, salamu za baba, vyote vilikaa mahali pake.

"Kuna anayemtambua mwombaji?"

Mwalimu alitazama dari kuliko wote.

Mjumbe wa fizikia alisema ombi hilo limemgusa. Hapo mwalimu akainua mkono.

"Mwombaji ana ari," alisema kwa upole, na sumu ilikuwa ndani ya upole huo huo. "Lakini hii ni kazi ya muziki. Nani ataiongoza? Ameandika hapa, 'Mtaalamu wa muziki atatajwa baadaye.' Baadaye lini? Atamwokota wapi, sokoni?"

Wakacheka.

"Mtu asiyejua wimbo unaanzia wapi atawapanga wazee mbele ya maikrofoni, avuruge, na wazee hao hawana nafasi ya kurudia."

"Lakini mwalimu, mimi kwa kweli limenigusa," alisema wa fizikia.

"Kuguswa si mbinu ya utafiti."

Mwenyekiti akalipiga mstari. Fedha zikaenda kwa mtafiti wa kutu katika mabomba ya maji. Mwalimu alijua kwamba amemkatia baba yake njia kwa mkono wake, na alijiambia atatafuta nyingine, atakopa, ataomba marafiki, lolote, mradi nyimbo zisitoke kwa jina la mwizi. Alishuka ngazi akisikia raha, tena raha tamu, aibu iliyoje.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa baba yake.

"Yule mgeni wako tumemnyima."

Mzee aliweka kikombe chini. "Mmemnyima nani?"

"Makabrasha. Alitaka kukuibia nyimbo zako."

"Kuniibia?" Mzee alikohoa, akangoja koo litulie. "Mama, yule bwana alikuja kuniomba ruhusa kwa ajili yako. Alisema kamati yenu imekufunga mikono, kwa hiyo apeleke yeye. Zamu yako ikiisha, anakutaja wewe kuwa mtaalamu, na wewe ndiye unatupanga."

"Mbona hakuniambia?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema akikwambia, ombi linatupwa. Akasema, 'Usijali, mzee, mwache alisome tu. Atalipigania.'"

Mwalimu alikaa juu ya ngazi ya baraza. Ujanja wa Makabrasha haukuwa safi kama pamba, tukubali, lakini ulikuwa wa mapenzi. Pale palipoachwa wazi, palipochekwa na kamati nzima, palikuwa pa jina lake.

"Na wewe ulikuwa unanyamaza..."

"Naitunza, nikuimbie vizuri." Mzee alimtazama. "Sasa nani amelikataa?"

"Mimi, baba."

Mzee hakumgombeza. Alijifunga skafu upya, taratibu, akasema, "Basi kalirudishe."

Asubuhi yake mwalimu alisimama mbele ya mwenyekiti, karani akiwepo, akasema alimtambua mwombaji na akanyamaza kwa makusudi ili amwangushe.

Mwenyekiti alivua miwani. "Mwalimu, wote tunatambuana. Kaa chini, tusifukue mambo."

"Naomba karani aandike kwamba nimesema."

"Unajua utakachopata?"

"Aandike."

Ikaandikwa, na kikao kikaitishwa upya. Aliletwa mwalimu wa muziki kutoka chuo kingine alisome ombi lile, naye alilipitisha kwa furaha. Mtafiti wa kutu akapunguziwa fungu lake, na mpaka leo hajibu salamu. Mwalimu wetu aliondolewa kwenye kamati, na likawekwa sharti juu yake: kwa kuwa aliharibu utaratibu, asitajwe, asilipwe, wala asiingie katika kazi hiyo kwa namna yoyote.

Alimkuta Makabrasha ofisini, kompyuta wazi.

"Nilikuita mwizi," alimwambia. "Nisamehe."

"Uliniita wapi?"

"Moyoni. Na kwenye kikao, kwa maneno mengine."

Makabrasha alipanga mafaili yaliyokwisha pangwa. "Ya moyoni nimesamehe leo. Ya kwenye kikao nipe muda kidogo."

"Una haki. Ila mwambie mtaalamu yeyote atakayewapanga, baba huvuta pumzi ndefu kabla ya mstari wa kuinua. Asimharakishe. Na yule mwitikiaji mfupi akae..."

"Usiniambie," alisema Makabrasha, na machozi yalimlengalenga. "Huruhusiwi. Wakisikia tumeongea, wataifuta tena."

Siku ya kurekodi, kabla ya upasuaji, mwalimu alimleta baba yake kwa mkono mpaka mlango wa studio. Wazee walikwisha fika, wamekumbatiana, wanaitana majina ya kazi ambayo hayasemeki mbele ya watoto, na mmoja alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Baba alivua skafu, akamkabidhi. Aliingia hatua kadhaa, akageuka.

"Huji?"

"Siruhusiwi, baba."

Mzee alisimama kana kwamba angerudi. Kisha mtu wa ndani akamshika bega, akampeleka, na mlango ukavutwa.

Mwalimu aliketi kwenye benchi la korido. Angesikiliza siku moja kama mtu mwingine yeyote, nyimbo zitakapotoka. Alisogea, akaegemeza sikio kwenye mlango, lakini ulikuwa umejazwa sponji nene ya kuzuia sauti, tena kazi ya fundi hodari. Juu yake taa nyekundu ya kurekodi iliwaka, ndipo alipojua kwamba baba yake ameanza kuimba.