Chai ya Kumuaga Inspekta

Asubuhi aliyomaliza kitabu chake cha mwisho, Mwandishi alikuwa jikoni akikwangua sufuria ya maziwa yaliyoungua, Inspekta akaingia bila hodi. Hilo halikumshangaza. Katika vitabu vyote alivyomtungia, Inspekta hakuwahi kupiga hodi, kazi yake ilikuwa kuvunja milango. Safari hii alikuwa na adabu, alizungusha kitasa tu. Mkononi alishika sanduku tupu, maana koti la kijivu ndilo vazi pekee ambalo Mwandishi alipata kumtajia, na alikuwa amelivaa.

"Nimestaafu, Mama," alisema. "Choo kiko wapi?"

Akaelekezwa. Alikaa huko hadi mchana. Kufukuza wahalifu miaka yote hiyo bila kupewa ruhusa ya kwenda haja hata mara moja si mchezo.

Alikuwa mgeni mwema, ila alichechemea kwa zamu: leo mguu wa kushoto, kesho wa kulia. Katika kitabu cha tatu risasi ilimpata mguu wa kushoto, na kufika cha saba Mwandishi alikuwa amesahau ni upi. Wasomaji walilalamika sana wakati ule. Mwenye miguu hakulalamika, lakini Mwandishi alipomwona akipanda ngazi aibu ilimshika, akatoka kwenda kumnunulia mkongojo.

Mdogo wake Mwandishi alikuwa fundi cherehani, akiishi chumba cha uani. Yeye ndiye aliyempima Inspekta suruali. Akatoa pini mdomoni na kupaza sauti ili dada yake asikie hadi sebuleni.

"Wauaji wa vitabuni mmewakamata wote. Huyu wa mume wangu mnamngoja nani?"

Mume wake alikuwa mwashi. Ghorofa ilimwangukia akiwa kazini, yeye na wenzake, na tume iliyoundwa ikasema kosa ni lake, alichanganya zege vibaya. Marehemu hana mdomo. Tangu hapo mjane alitaka jambo moja tu duniani: jina la mumewe lisafishwe. Dada yake alikuwa na kalamu iliyokwisha kutia pingu kila aina ya mkora, lakini hili hakuligusa. Mkandarasi aliyejenga ghorofa ile alikuwa jirani yao, ukuta mmoja, tena ndiye aliyempangisha Mchapishaji ofisi. Mwandishi alisema anathamini ujirani mwema. Ukweli ni kwamba aliogopa.

"Nimestaafu," Inspekta alisema tena, lakini masikio yalikuwa yameshamsimama.

Kesho yake alikwenda kwenye kifusi, akarudi na kipande cha zege mfukoni. Alikigonga kwa kijiko cha chai, kikamwagika mezani kama sukari.

"Watu wakae sebuleni," alisema. Hiyo ndiyo iliyokuwa namna yake ya kufanya kazi: wote wakae, yeye azunguke nyuma ya viti akieleza, mwishowe asimame nyuma ya kiti kimoja.

Kuwapata watu hakukuwa na shida, maana Jumamosi ilikuwa chai ya kuwaaga wastaafu wote wawili. Mchapishaji alileta keki. Mhandisi wa manispaa, aliyetia saini kwamba ghorofa ni imara, alikuja na mkewe. Mkandarasi alikuja mikono mitupu, akakaa kiti kizuri.

Inspekta akaanza kuzunguka. Ilikuwa zamu ya mguu wa kushoto.

"Saruji ya ghorofa ile iliishia kwenye nyumba ya hapo jirani, ambayo mpaka leo haina ufa. Nondo ziliwekwa nusu. Mwashi alilalamika kwamba mchanga umezidi, akaambiwa afunge domo achanganye. Hakukosea. Aliyemuua," akasimama, "ni huyu hapa."

Hakuna aliyeshtuka. Mhandisi aliendelea kutafuna keki.

"Ni mimi, ndiyo," alisema Mkandarasi. Hakuwa na ujanja. Hajazaliwa mkosaji wa kukana Inspekta akishasimama nyuma ya kiti chake. "Umeeleza vizuri, hasa hapo kwenye nondo. Mimi nilishasahau. Jirani, chai bado ipo?"

Fundi cherehani alisimama, machozi yakimtiririka. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mazishi.

"Mmesikia? Mume wangu hakukosea! Mmesikia wote?"

"Tunajua, mama," alisema mke wa Mhandisi kwa upole. "Toka siku ile tunajua."

Mjane akamgeukia Mhandisi. "Basi ile ripoti itaandikwa upya."

"Ripoti ilishafungwa, mama." Akapangusa makombo kidevuni. "Ikishafungwa, imefungwa."

Mchapishaji alimwinamia Mwandishi sikioni. "Mwisho huu hauuziki," alinong'ona.

Inspekta hakuwasikiliza. Alikwenda mlangoni akaufungua wote, maana katika kila kitabu, akishamtaja mtu, askari huwa wamekwisha kufika getini. Alichungulia nje. Palikuwa na ua uliofagiliwa na paka wa jirani.

"Wamechelewa," alisema.

"Hawaji," alijibu Mwandishi. Alimtazama mdogo wake, aliyekuwa bado amesimama katikati ya sebule akingoja, na kwa mara ya kwanza maishani akaionea haya kazi yake. "Kule nilikuwa nawaleta mimi."

Inspekta alilifikiria hilo bila kuuachia mlango. Mkandarasi akamaliza chai yake, akaaga mmoja mmoja, akampa mjane pole. Alipofika mlangoni alimshukuru Inspekta kwa kumshikia, akapita.