Mfagiaji Aliyemwimbisha Mzee Bảy

Nhàn alikuwa na wivu, na tusizunguke mbuyu. Alimwonea wivu mfagiaji wa wodi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili asiyejua hata kushika gitaa, na wivu wenyewe ulimkaba mpaka wali ukawa haushuki.

Yeye Nhàn alikuwa mtaalamu wa tiba ya muziki. Miaka minne chuoni Saigon, cheti ukutani, gitaa lake mwenyewe. Kazi yake katika wodi ya kiharusi ilikuwa kuwarudishia watu maneno kwa kuimba, maana mtu anaweza kupoteza usemi na nyimbo zikabaki. Wagonjwa kumi na mmoja walishatoka mikononi mwake wakiongea. Wa kumi na mbili alikuwa Mzee Bảy, na huyo alimshinda. Miezi miwili na nusu, kila asubuhi, ni "aa" na "mm" tu.

Na siku zilikuwa zinakimbia. Lan, mjukuu ambaye mzee alimlea mwenyewe tangu wazazi wa binti walipofariki, alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi. Kwetu huku delta ya Mekong bi harusi hatoki nyumbani hivi hivi. Mkubwa wa ukoo husimama mbele ya madhabahu ya mababu, akawasha udi, akawaambia kwa kinywa chake kwamba mtoto wao anakwenda kwa watu. Asiposema Mzee Bảy, angesema mdogo wake, na hao wawili hawaivi chungu kimoja, miaka ishirini sasa. Kila harusi ilipotajwa, mzee alilia.

Wimbo Nhàn aliuchagua vizuri: vọng cổ, wimbo wetu wa majonzi, ambao hakuna mtu wa delta asiyeujua. Kosa lilikuwa kwenye vidole vyake. Chuoni walimfundisha kwamba mgonjwa asiachwe peke yake kwenye ukimya, basi akapiga mfululizo, mwanzo hadi mwisho. Jamani, vọng cổ haiimbwi hivyo. Mwimbaji huanza kwa maneno ya kubembeleza, wapigaji wakampisha, mpaka adondokee kwenye sauti ya chini. Hapo ndipo kigongo cha mbao hugongwa kwa mguu na watu wakapiga makofi. Mzee alikuwa anangoja kupishwa, na Nhàn hakuacha hata tundu la sindano.

Mfagiaji alikuwa anadeki. Wote humwita Út kwa kuwa ni kitinda mimba kwao.

"Dada Nhàn, samahani," alisema, ameegemea fagio lake la kudekia. "Utampigia mpaka lini? Mwache babu naye apumue."

"Dada Út, deki."

"Si ndiyo nadeki hivi. Ila nyamaza kidogo uone."

Nhàn alinyamaza kwa hasira tu. Út akaanza maneno ya kwanza kwa sauti yake ya kukwaruza, akakatiza katikati, akamtazama mzee. Mzee Bảy akafumbua kinywa, akaumalizia mstari wote, akadondokea pale pale panapotakiwa. Út akagonga ndoo kwa kisigino na kupiga makofi. Wodi nzima ikapiga makofi. Mgonjwa wa kitanda cha tano akaagiza kahawa ya barafu, kana kwamba yuko mkahawani.

Unadhani Nhàn alifurahi? Roho ilimchoma. Siku tatu mzee aliimba akimtazama Út, na Nhàn akiingia na gitaa, macho ya mzee yako mlangoni yanatafuta ndoo. Siku ya nne alimwita matroni pale pale kando ya kitanda, akamwambia, "Mfagiaji anamsumbua mgonjwa wangu. Hatulii." Matroni, mwenye mambo yake mengi, akamhamishia Út wodi ya wazazi. Út mwenyewe Nhàn alimwambia ni amri ya wakubwa. "Nimekutetea sana, dada yangu."

Mzee Bảy akafunga mdomo. Siku sita, hata "aa" haikutoka. Nhàn alipiga, akampisha kama alivyomwona Út akifanya, akagonga sakafu kwa kiatu. Mzee akageukia ukutani. Siku ya sita Lan alimvuta pembeni. "Dada, zimebaki siku tatu. Basi tumwambie babu mdogo ndiye aseme?"

Nhàn alitamani kusema ndiyo. Alikuwa radhi mzee abaki bubu kuliko aongee na sifa ziende kwa mwenye ndoo. Alilijua hilo, akajichukia, na bado ilimchukua mpaka saa nane mchana kushuka ngazi kwenda wodi ya wazazi.

"Dada Út, njoo unisaidie."

"Si wakubwa wamekataza?"

"Nimewaomba."

"Ndiyo maana nakupenda wewe," Út alisema, akajifuta mikono kwenye suruali.

Út akaanza, akaacha, na mzee akaimba. Sasa Nhàn akafanya kazi aliyoisomea. Aliyaondoa maneno ya wimbo akaweka maneno ya madhabahuni kwa sauti ile ile, kisha akaipunguza tuni kidogo kidogo mpaka yakabaki maneno matupu. "Mababu," alisema Mzee Bảy, "mtoto wenu anaondoka leo." Lan akaangua kilio. Út akapiga makofi.

"Umeona, babu?" Nhàn alisema, amevimba kwa furaha. "Tumeweza."

Mzee akamgeukia. Maneno yalimtoka moja moja. "Wewe. Ulimfukuza. Út."

Út akaacha kupiga makofi. "Nani kanifukuza?"

Nhàn angeweza kusema mzee amechanganyikiwa, na wangemwamini. Lakini ile ilikuwa sentensi ya kwanza ambayo mzee hakupewa na mtu, na katika kazi yake sentensi kama hiyo hukamatwa papo hapo kabla haijapotea. Mtaalamu humshika mgonjwa mkono wa kushoto, akaugonga kwa kila silabi, naye mgonjwa akairudia.

Akaketi, akaushika mkono.

"Rudia, babu," alisema. "Taratibu. We-we."

"We-we."

"U-li-m-fu-ku-za."

Waliirudia mara tatu, mpaka ikatoka bila kukwama, na Út amesimama pale pale anasikiliza.