Marehemu Ameshapokea

Marguerite alikuwa amezoea kuambiwa arudi wiki ijayo. Tangu amzike mumewe, kila aliposhuka mjini kwenye ofisi ya Callixte kudai mshahara wa marehemu, jibu lilikuwa lile lile: kampuni haijalipa, mama, tungoje kampuni.

Mumewe, Cirimwami, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa kabila la Washi aliyetoka upande wa Bukavu. Hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alifanya kazi za vipande, leo hapa kesho kule, na Callixte ndiye aliyemtafutia. Kampuni ikihitaji fundi ilimwambia Callixte, ikamlipa Callixte pesa, naye akakata chake na kumpa fundi kilichobaki. Mafundi wengi wa mtaa wao wa Buyenzi waliishi hivyo miaka ile ya vita. Barabara zilikuwa na vizuizi na kila mtu alimwogopa mgeni. Bila mtu wa kukupeleka, nani angekufungulia?

Kazi yake ya mwisho ilikuwa Ruziba, kwenye matangi ya maji yaliyokuwa yakijengwa kando ya ziwa. Miezi ilipita bila malipo. Kisha jioni moja gari lililokuwa likiwarudisha mafundi mjini likapigwa risasi njiani. Wenzake waliruka wakajificha kwenye mihogo. Yeye alikuwa amekaa mbele, karibu na dereva.

Safari hii kwenye biro alimkuta karani mpya, binti aliyeitwa Daphrose, mwenye sauti ya upole. Marguerite akataja jina la mumewe.

"Cirimwami?" Daphrose alisema. "Lakini huyo ameshapokea, mama. Alikuja mwenyewe Ijumaa."

"Alikuja nani?"

"Si bwana yako? Alisimama hapo hapo uliposimama. Alivaa kote ya buluu, alikuwa anakohoa kidogo."

Marguerite aliangalia sakafu pale alipokuwa amekanyaga, akasogea pembeni. Cirimwami alikuwa na kikohozi cha moshi wa chuma. Koti lake la kazi, lile la buluu, halikurudi nyumbani na maiti. Akamuuliza Daphrose kama ana hakika. Daphrose akasema alimhesabia pesa kwa mkono wake, na kwamba yule bwana alishukuru. Marguerite akatoka bila kuaga.

Nyumbani alimweleza Zubeda, mwenye nyumba, mama wa Kiislamu aliyezaliwa Buyenzi na kuzeekea humo. Zubeda alikuwa anachambua mchele uani. Aliweka ungo chini.

"Mutu tulimuzika sisi wote," alisema. "Mi nilikuwa pale, niliona sanduku linashuka. Usimuache huyo mutoto wa biro akuharibu kichwa."

Lakini kichwa kilikwisha kuharibika. Mchana, mtu akikohoa kwenye uchochoro, Marguerite aliacha alichokuwa akikifanya na kusikiliza. Alijikuta anapika ugali wa watu watatu. Sokoni aliona mgongo wenye koti la buluu akaufuata mpaka kwenye magereji, na mwenye mgongo alipogeuka alikuwa mzee wa kuuza vipuri. Kibaya zaidi, binti yake Benite, aliyekuwa amesikia maneno ya wakubwa, alianza kuacha mlango wazi. Alipokatazwa akasema papa yake atagonga namna gani, kama amebeba vitu mikononi.

Hapo Zubeda akafunga kitambaa chake vizuri. "Kesho tunaenda Ruziba," alisema. "Kama iko kule, tutamuona. Kama haiko, utalala."

Walifika kabla ya saa sita. Matangi mawili yalikuwa yamekwisha kusimama, la tatu lilikuwa bado mbavu tupu. Marguerite alimuuliza mlinzi wa getini kama anamjua Cirimwami.

"Ule pale," mlinzi alisema.

Juu ya ngazi, mtu alikuwa ameinama akichomelea, amevaa koti la buluu lenye kiraka begani. Kiraka kile Marguerite alikishona yeye, kwa kitambaa cha kitenge kwa sababu hakuwa na kingine. Zubeda akamshika kiuno.

"Muite," Zubeda alinong'ona.

Marguerite aliita. Mtu yule alizima moto, akageuka upesi kama anayelijua jina lake, akainua kinyago cha usoni. Alikuwa kijana, sura nyembamba, jicho moja jekundu kwa moshi. Marguerite hakuwahi kumwona maishani.

Walikaa naye nyuma ya rundo la mchanga. Alipojua anaongea na nani alivua koti, akalikunja, akaliweka mapajani kama mtoto wa mtu.

"Mi naitwa Trésor," alisema. "Nilikimbia Uvira wakati vita ilifika. Nilienda kwa Callixte kuomba kazi. Akaniambia, kampuni inajua jina ya Cirimwami, haikujue we. Fundi mupya wanamuchunguza wiki na wiki. Chukua hii kote aliacha kazini na hii jina, utaanza kesho."

"Alikuambia Cirimwami mwenyewe iko wapi?"

"Alisema amerudia kwao." Trésor aliinamisha kichwa. "Yaya, dada yangu, sikujua ni mufu. Ile tu, nikivaa hii kote nakohoa. Nikivua, kinaisha."

Zubeda akasoma dua chini chini.

Marguerite alikuwa amekuja na hasira, sasa hakuona pa kuiweka. Akamuuliza anapata kiasi gani. Trésor alipotaja, Marguerite aliona si hata nusu ya kile mumewe alichoahidiwa. Na Trésor naye alikuwa amelipwa mwezi mmoja tu kati ya yote aliyofanya.

"Callixte anakuja hapa lini?"

"Siku ya mushahara. Anakuja na kontabule wa kampuni."

Siku hiyo ilipofika, mafundi walikusanyika chini ya banda la saruji. Callixte alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, shati limepigwa pasi. Mhasibu wa kampuni, yule kontabule, alikaa kando yake akinywa Fanta. Majina yakaitwa, watu wakapokea bahasha. Marguerite na Zubeda walisimama kwenye kivuli cha tangi. Callixte aliwaona, mkono wake ukasita, akaendelea.

"Cirimwami."

Trésor alisimama, akaenda mpaka mezani. Alipokea bahasha na hakuondoka.

"Na miezi ya nyuma, patron?"

"Tutaongea biro."

"Tuongee hapa. Nimefanya kazi tangu tangi ya kwanza."

Kontabule aliweka chupa chini. "Miezi gani ya nyuma? Huyu Cirimwami tumemulipia kila mwezi, hata mumoja hatukuruka."

Callixte alimtazama Trésor, kisha akamtazama Marguerite kwenye kivuli. Angesema huyu si Cirimwami, kampuni ingemuuliza ni nani basi, na pesa zilikwenda kwa nani. Alifungua mkoba. Alihesabu polepole, akalamba kidole, akahesabu tena.

Trésor alizipokea. Marguerite alifikiri imekwisha. Lakini kijana hakusogea, na aliposema tena sauti yake ilikuwa nzito, na ya kuchoka.

"Bado geti."

"Geti gani?" kontabule aliuliza.

"Geti ya kwake, kule Kinindo. Nilimutengenezea siku za Jumapili. Alisema atanilipa ikipakwa rangi. Rangi ilishapakwa."

Uso wa Callixte ulibadilika ukawa kama majivu. Alitoa noti kutoka mfuko wake mwenyewe wa suruali, akazisukuma mezani bila kumgusa Trésor mkono. "Cirimwami hana kazi tena kwangu," alisema. "Asirudi. Nimemaliza naye."

Marguerite, ambaye makaburini hakulia, alilia hapo, mbele ya mafundi wote, kwa sauti.

Baadaye, kando ya barabara walipokuwa wakingoja gari, Trésor alimkabidhi pesa za mumewe, akabaki na zake. Za geti pia alimpa. Zubeda alimwahidi atamsemea kwa mdogo wake mwenye gereji, kwa jina lake la kuzaliwa.

"Nani alikuambia mambo ya geti?" Marguerite aliuliza. "Mi mwenyewe sikujua. Jumapili alikuwa ananiambia anaenda kwa wandugu."

Trésor alimgeukia. "Mi nilizani ni weye uliniambia," alisema.

Labda fundi mwenzake alimdokezea, akasahau. Zubeda ndivyo alivyosema njia nzima, na Marguerite aliitikia.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikwenda Kinindo peke yake. Aliuliza nyumba ya Callixte akaonyeshwa. Geti lilikuwa refu, la kijani, lina maua ya chuma juu, kazi ya mtu asiyekuwa na haraka. Alisimama mbele yake mpaka mlinzi akatoka kumuuliza anatafuta nani.

"Apana mutu," alisema. "Naangalia kazi."