Duka la Bunduki la Pembeni mwa Watoto

"Duka la bunduki nimelifunga kwa mdomo huu huu," Sultani alisema, akijipangusa mafuta ya sambusa. "Baraza zima la komini, watu na tai zao, lilikuwa linanisikiliza mimi."

Wageni walicheka. Maman Graciella ndiye aliyewaita waje kumshukuru. Alikuwa analea watoto wadogo kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles, huku Ulaya, na mtu mmoja akataka kufungua duka la bunduki za kuwindia, ukuta kwa ukuta na yeye. Mama aliyekimbia milio Bujumbura, aje kulaza watoto wa watu pembeni ya risasi? Komini, yaani manispaa ya mtaa, ikapitisha amri: silaha zisiuzwe karibu na watoto. Sultani, aliyekwenda kumtafsiria na kutia chumvi, akawa shujaa wa mtaa.

Sasa kuna kajambo kadogo ambako shujaa hajakasema. Juzi baraza lilikutana tena, maman yuko kazini, na Sultani alimsikia meya akitangaza kwamba serikali ya juu imeifuta amri. Sheria ya silaha ni moja kwa nchi nzima. Komini hairuhusiwi kuongeza yake. Duka litafunguliwa.

Alipompigia maman leo ili amwambie, aliambiwa sambusa zimeshaanza kukaangwa. Akaona atasema akishakula. Alikula. Akaongeza.

"Bon, mwanangu," maman alisema, simu mkononi. "Yule bwana wa mtaa wa Uccle, niliyetaka kuhamia kwake na watoto duka likifunguliwa, ameniwekea nyumba yake mpaka leo. Nimwambie awape wengine, sivyo?"

Sultani aliirudisha sambusa kwenye sahani.

"Haraka ya nini, maman? Mwache angoje. Wazungu wanapenda kungoja."

"Angoje nini, na meya ameshalikataza duka? Kwetu mkubwa wa komini akisema, nani atarudisha?"

"Nani atarudisha," Sultani aliitikia, na hata yeye alishangaa mdomo wake.

Maman akapiga simu. Alimshukuru yule bwana kwa Kifaransa cha heshima, akamwambia nyumba haihitaji tena, akakata.

Mlango ukafunguliwa. Tonton Hamissi, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliingia amevua kofia.

"Pole, maman. Amri wameifuta, donc tutafanyaje?"

"Amri gani?"

Hamissi alimgeukia Sultani.

"Hujamwambia? Si juzi tulikaa benchi moja, ukatoka unafuta machozi?"