Walivyomponya Rubani

Ukitaka kuzungumza na Redio habari za sinema za mashujaa, kula kwanza ushibe, maana hutoki hapo mapema. Jina hilo alipewa na binamu zake utotoni, walipogundua kwamba hana kitufe cha kuzima.

"Tuanze na joho," husema. "Mtu anaruka mawinguni, anapigana na mijitu yenye mikono sita, halafu amejifunga shuka shingoni. Likinaswa mlangoni je?" Akimaliza joho anahamia milipuko. Huko juu kwenye nyota hakuna hewa, kwa hiyo hakuna kelele. Vitabu vinalijua hilo, ila sinema hulipua sayari kama gunia la baruti. Lakini donda lake hasa ni jingine. Sinema, kwa maneno yake, haziwezi kumwacha mtu alivyo. Kitabuni shujaa ana kitambi, kwenye sinema ana kifua kama mlango wa benki. Kitabuni anaishi peke yake na raha zake, kwenye sinema lazima apatiwe mchumba.

"Wewe sinema huzioni," Fundi, mwenzake kazini, humtania. "Unazisemaje?"

"Nazisikia. Ninyi wenye macho ndio mnaopumbazwa na rangi."

Redio ni binti aliyezaliwa haoni. Alikuwa pia sauti bora kuliko zote katika studio ya mjomba wake, ambapo sinema za kigeni hutiwa sauti za Kiswahili. Ni vyumba viwili vilivyobanana: kimoja cha mitambo, kingine kimezibwa kwa magodoro ukutani kote, kikinuka sponji na jasho. Yeye husimama mbele ya maikrofoni, Fundi nyuma yake. Fundi humsomea mstari, yeye huushika kichwani, kisha mwigizaji anapofumbua mdomo kwenye skrini, Fundi humgusa bega. Mdomo ukifumba, anamgusa tena. Kati ya miguso hiyo miwili, Redio anatakiwa awe amemaliza.

Mwaka huo studio ililetewa sinema ya Rubani. Kitabu chake kaka yake alimsomea Redio mara nyingi mno, hadi jalada likang'oka. Ni habari za mwanamke anayeendesha chombo cha mizigo kati ya sayari, asiyeona tangu kuzaliwa, anayeweka kiganja kwenye bati la chombo na kujua kwa mtetemo wake kama njia ni salama. Mjomba alipomwambia kwamba sauti ya Rubani ni yake, Redio alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi akasema, "Sawa tu," kana kwamba amepewa zamu ya kufagia. Sehemu ya pili ilikuwa tayari inapigwa picha. Akiifanya hii vizuri, na ile ni yake.

Wenye sinema waliileta vipande vipande, wakiogopa wezi. Kipande cha mwisho kilifika mwisho kabisa.

"Haya," alisema Fundi, karatasi ikikwaruza. "Rubani yuko kitandani. Daktari anamfungua bandeji."

"Bandeji ya nini? Kitabuni haumwi."

"Wamemwekea macho ya mashine. Anafumbua, analia, anasema: 'Sasa naona. Sasa mimi ni mtu kamili.'"

Redio alinyamaza. Fundi, ambaye hakuwahi kukisikia chumba hicho kikiwa kimya yeye Redio akiwa ndani, akauliza kama maikrofoni imekufa.

"Rudia mstari."

Akaurudia. Redio akavuta pumzi. Alimkumbuka Rubani akivuka mkanda wa mawe yaeleayo angani, kiganja kwenye bati, wenzake wote wenye macho yao mawili mawili wakipiga mayowe nyuma yake. Eti huyo ndiye aliyekuwa hajakamilika.

Bega likaguswa.

"Mmenipa macho," alisema, sauti ikitetemeka vile vile alivyotetemeka mwigizaji. "Utu nilikuwa nao."

Bega likaguswa. Maneno yalikuwa yameisha pale pale mdomo ulipofumba.

"Imekaa kama soksi," alisema Fundi. "Tuendelee."

Ndivyo walivyo mafundi wa kazi hiyo: huangalia midomo. Maneno huyasikia kama wewe unavyoisikia feni.

Kwa hiyo ilikuwa hadi siku ya kukabidhi kazi, mwakilishi wa wenye sinema alipokuja na marashi yake makali, akaketi kati ya Mjomba na Redio, ndipo watu wakasikia. Kiti cha mwakilishi kililia kwa kugeuka.

"Huo mstari umetoka wapi?"

Fundi akarudisha nyuma, wakasikiliza tena. "Mbona mdomo umekubali," akanong'ona, kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Umetoka kwangu," alisema Redio.

Mwakilishi hakufoka. Alisema mwigizaji mwenyewe alikuwa amelizwa na onyesho hilo, kwamba huo ndio mwisho wenye matumaini, watazamaji watatoka wakifuta machozi. "Nani hafurahi mgonjwa akipona?"

"Mgonjwa yupi? Hebu nitajie ukurasa alipougua."

"Redio," Mjomba akakohoa.

"Hapana, Mjomba. Mtu kavusha watu kwenye mawe hali haoni, halafu mnasema hajawa mtu bado mpaka mumfungie vioo usoni? Hamkuiponya sinema milipuko yake, mkamponya yeye?"

Mwakilishi akasimama. Alisema mambo ni mepesi: mstari urekodiwe upya, Redio aombe radhi, na sehemu ya pili itakuja studio hii hii, kwa sauti hii hii. La sivyo, watatafuta sauti nyingine. Akatoka nje, awape nafasi wazungumze kama familia.

Mjomba alivuta kiti karibu. "Mama, nisikilize. Sisi ni midomo ya kukodi. Wakisema upuuzi, tunatafsiri upuuzi. Ungeniambia mapema ningempa mwingine huo mstari. Wewe ukanizunguka."

"Hapo umenipata. Nilikuficha kwa sababu ungenikatalia."

"Basi anzia hapo. Sema samahani, yaishe. Hata usimaanishe. Mimi mjomba wako nimeomba radhi zisizo na idadi katika kazi hii, na mdomo wangu bado mzima."

"Zingekuwa zako ningekupa, Mjomba. Huyu anataka niseme nimekosea kwamba Rubani ni mtu. Na mimi je, nikitoka hapa niende nikiwa nani?"

Mjomba alimshika mkono, akaupapasa, akauachia. Marashi yakaingia tena chumbani.

"Tumefika wapi?" aliuliza mwakilishi.

"Mstari ni wenu," alisema Redio. "Mwekeni mtu mwingine auseme, sitamzuia."

"Na sehemu ya pili?"

"Naitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka." Alijiweka sawa kitini, uso ukielekea kule marashi yalikotoka. "Radhi siombi."