Ng'ombe wa Mabaka

Emiliana alimsikiliza shemeji yake Calist mpaka mwisho, kicheko kimemkaba. Jamaa ametoka Dodoma na viatu vya kuchongoka, arobaini ya kaka yake haijafika, anadai kwamba ng'ombe pekee anayewapa watoto wa marehemu maziwa ni wake, eti alimwachia kaka amtunzie miaka mitano iliyopita. Kumwachia! Mtu ambaye hata msibani alifika chakula kimeshaiva.

Mzee Bonaventura, mwenyekiti wa kijiji pale Kinyangiri, alikuwa na utaratibu wake. Anayedai mnyama humtaja rangi kabla hajaletwa.

"Ni wa mabaka," akasema Calist.

Emiliana akasonya. Watu wa mjini neno hilo wanalitupia chochote chenye rangi mbili, hata kanga wa porini. Kanga ana madoadoa, jamani. Mabaka ni mapana na yana mipaka, na mfugaji anaijua mipaka hiyo kuliko ya shamba lake.

"Yako wapi hayo mabaka?" akauliza mzee.

"Moja begani, kubwa tumboni, jingine pajani. Meusi." Calist alitaja huku akichungulia simu mapajani. Emiliana akanyoosha shingo, akaiona picha. Ng'ombe wake alikuwa amepigwa picha kutoka barabarani.

"Huo ni upande wa kushoto, mzee," akasema. "Muulize wa kulia."

"Ni hivyo hivyo. Mabaka ni mabaka," Calist akajibu, hata hakufikiri.

Upande wa kulia ndiko Emiliana alikokaa kukamua kila asubuhi, paji la uso limegusa ubavu. Lakini mzee akiteleza hapa, wanawe watakunywa uji mtupu.

Ng'ombe akaletwa. Kushoto, mabaka matatu, kila moja mahali pake. Calist akatabasamu na kuinuka kuishika kamba. Mzee Bonaventura akamgeuza ng'ombe taratibu. Kulia alikuwa mweupe pe, hana baka hata la ukubwa wa kiganja.

Watu wakaangua kicheko. Calist akaanza kueleza kwamba ng'ombe wakizeeka hubadilika rangi. Mzee akamkabidhi Emiliana kamba.

"Shemeji," akasema Emiliana, "nenda na picha yako Dodoma ukaikamue."