Mikono Ipo Kazini

Kila Jumapili, akishamaliza kufua, Bi Mapokezi alifuta meza ya jikoni, akachomeka kitaa chake, ile taa ndogo ya kukaushia kucha, na kupaka kucha rangi ya jeli. Jina hilo alipewa na wenzake hotelini, maana alikuwa amekaa mapokezi miaka tisa, na meneja alitaka kucha za mapokezi zing'ae. Kitaa alikinunua kwa muuzaji mmoja, chupa za jeli kwa mwingine. Jeli ikimwagikia pembeni ya ukucha aliiacha kwenye ngozi, na kitaa kikianza kuunguza alitoa mkono kabla ya muda. Hakuna aliyemwambia kitu.

Kufikia mwezi wa nne vidole vilivimba, vikawasha, vikapasuka. Akavumilia, kwa kuvumilia alikuwa bingwa. Daktari wa ngozi aliviangalia mara moja tu.

"Huu ni mzio, mama. Jeli mbichi imegusa ngozi, na kitaa chako hakiendani nayo, hakiikaushi sawasawa. Mwili ukishaikataa, ndiyo basi tena. Acha kabisa."

"Na kazi, daktari?"

Daktari akamwandikia dawa ya kupaka.

Jumatatu asubuhi ngozi ya mikono yote miwili ikambambuka kuanzia vifundoni hadi vidoleni, nzima nzima kama glavu, kucha nyekundu zikiwa mahali pake. Bi Mapokezi alichelewa kidogo kwa kutafuta mfuko wa kuibebea. Pale kaunta ile mikono ya ngozi ikatoka mfukoni yenyewe, ikafungua daftari la wageni, ikaanza kugawa funguo. Mgeni wa chumba namba kumi na mbili alilalamika kwamba maji ya moto hayatoki. Ikamwandikia fundi.

Meneja akapita, akazitazama kucha.

"Hapo sasa! Wewe kakae stoo, hivyo vidole vyako vitatukimbizia wageni."

Huko stoo alikunja mashuka kwa viwiko. Alichoka, uchovu ule ambao hata kukaa chini hakuuondoi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mikono ilifanya kazi vizuri, na hakuna aliyemuulizia.

Ijumaa aliomba likizo ya matibabu, wiki mbili tu, ngozi iote.

"Likizo ya nini, dada yangu?" meneja akauliza, bila ubaya wowote. "Mikono ipo kazini. Haijakosa hata siku moja."

Barua ya kumkatalia ilichapwa mchana huohuo, akatakiwa asaini pale kaunta kwamba ameipokea. Kalamu ilimchoma kwenye nyama mbichi, ikamponyoka mara mbili. Basi ile mikono ikaivuta barua, ikasaini kwa niaba yake, kwa mwandiko wake mzuri, kisha ikamgeukia mgeni aliyekuwa akisubiri ufunguo.

Bi Mapokezi akasema asante, kwa mazoea tu, akarudi stoo.